Dengu, Chura na Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 8 Julai

Habari mbaya. Nuria, msimamizi wa chuo cha lugha, katuita sisi tunaokaribisha wanafunzi majumbani mwetu. Kasema kundi la mwakani kutoka Wellington litakuwa dogo. Kila jengo litabaki na nyumba moja tu ya kupokea mgeni. Jengo letu lina mbili: yangu, ghorofa ya pili, na ya doña Obdulia, bibi mjane wa ghorofa ya tatu. Mmoja wetu kwisha habari yake!

Ataamua kwenye tafrija ya kuagana, Ijumaa. Kila mwanafunzi atasimama mbele ya watu aeleze kwa Kihispania maisha ya nyumba aliyokaa. Obdulia kanigeukia na kutabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Hesabu haziniendei vizuri. Obdulia kapewa Imogen, msichana anayeongea kama cherehani. Mimi nimepewa Tavita. Mabega hayapiti mlangoni mpaka ajigeuze upande. Adabu tele, maneno hakuna. Wanafunzi wote wameapa kutosema neno la kwao mpaka siku ya kuondoka, na Tavita kakitimiza kiapo kwa kutosema neno la lugha yoyote. Nikimpa dengu, asante. Nikimwongezea dengu, asante. Ndiyo mazungumzo yetu tangu afike.

Chumba anacholala ni cha binti yangu Maricruz, aliyehamia Hamburg. Bila mwanafunzi kitabaki godoro na kimya. Nakiogopa kimya kile. Basi, nimeshaliandika, silifuti.

Ila sijafa. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtangazaji wa treni katika stesheni ya Salamanca. Kama kuna sauti inayoweza kumtoa kijana huyu maneno, ni hii yangu. Kesho naanza.

Jumanne, 9 Julai

Hotuba ya Tavita tayari! Nimeitunga mwenyewe, na sioni haya kusema ni nzuri. "Katika nyumba ya don Fulgencio nimepata baba, mwalimu na mpishi." Mwishoni nimemwekea alama mahali pa kulia. Kauliza kama kulia ni lazima. Nimemjibu ni lazima.

Tukafanya mazoezi jikoni. Joto kali, dirisha wazi. Kosa! Madirisha ya jikoni ya jengo zima yanatazamana uani, kamba za nguo zinapishana katikati, na mtu akipiga chafya chini, walio juu wanamtakia afya. Tulipofika kwenye "mpishi", sauti ya Obdulia ikashuka katikati ya shuka zake. Jirani, akauliza, huyo mpishi umemwajiri lini, mbona hatujamwona? Don Leandro wa ghorofa ya kwanza, daktari wa meno mstaafu, akacheka mpaka akakohoa. Nikafunga dirisha. Tumemaliza mazoezi tukitiririka jasho.

Baya zaidi lilikuja alasiri. Niko kwenye roshani namwagilia maua yangu, huku nikimsubiri Tavita arudi darasani. Simsubiri hasa. Maua yanataka maji. Namwona Obdulia akivuka barabara kuelekea chuoni, na chini ya kwapa kabeba hornazo nzima, ule mkate wetu uliojazwa nyama. Si wa kukata. Mzima! Kaingia ofisini kwa Nuria. Kakaa sana. Kutoka, mikono mitupu, anajifuta macho kwa leso.

Hongo na machozi kwa pamoja. Na mimi nilidhani ni mwanamke wa dini.

Tavita kamaliza sahani tatu za dengu. Kasema asante, lakini safari hii kwa sauti ya stesheni. Dalili njema.

Jumatano, 10 Julai

Siku chungu.

Leo kundi zima lilikuwa linapelekwa kutazama ukuta wa mbele wa chuo kikuu kumtafuta chura. Hapa kwetu kila mwanafunzi anajua: katika michongo yote ile kuna chura mdogo kaketi juu ya fuvu, na atakayemwona kwa macho yake mwenyewe atafaulu mitihani. Familia zimealikwa. Nuria yupo. Nikawaza, Tavita akimwona kabla ya wote, Nuria atajua nyumba gani inatoa vijana wenye akili.

Basi nikamwamsha kabla ya kifungua kinywa, nikampeleka kimyakimya, nikamwonyesha. Pale, mwanangu, juu ya fuvu la kushoto. Akatazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi kwa huruma. Sikuielewa huruma ile.

Saa ya ziara ikafika. Kila mtu kakodoa macho ukutani. Imogen anahesabu mafuvu kwa sauti. Mimi namkonyeza Tavita, sasa, sasa! Tavita kageuka, kaupa ukuta mgongo, kasimama hivyo kama mlinzi wa benki. Nuria akamwuliza vipi. Ndipo kijana wangu bubu akafungua kinywa. Kwa sauti iliyojaa uwanja mzima kama tangazo la treni ya Madrid akasema anawaarifu wote kwamba yeye hawezi kutafuta, kwa sababu don Fulgencio ameshamwonyesha chura asubuhi.

Mabibi wote wa Salamanca wakanirukia kwa pamoja. Maana anayeonyeshwa hapati bahati. Bahati ni ya anayetafuta mwenyewe! Nalijua hilo tangu nanyonya. Nilisahau vipi? Bibi mmoja kaniuliza kama nimelewa. Obdulia kajipiga ishara ya msalaba, kamshika Tavita mkono na kumwambia pole mwanangu, usijali, utapita tu kwa nguvu zako.

Nuria katoa daftari. Kaandika jambo.

Njiani nilimwuliza Tavita kwa nini hakunyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi anayoiweza. Kajibu kwamba kwao ukidanganya mbele ya watu, anayeaibika ni mzee wako. Nikaona afadhali nisiulize tena.

Alhamisi, 11 Julai

Kikulacho ki nguoni mwako!

Wamerudi mchana kutoka mji wa Alba de Tormes, wameona kasri, wameshiba jua. Baada ya chakula mji mzima umelala, nami nikajinyoosha. Nikasikia mlango wangu ukifunguliwa taratibu. Nyayo kwenye ngazi. Zinapanda! Nikachungulia chumbani. Kitanda kitupu.

Kaenda kwake. Obdulia ananiibia mwanafunzi saa ya usingizi, mji umefumba macho. Anampa hotuba nyingine, bila shaka, yenye baba, mwalimu na mpishi wa ghorofa ya tatu.

Nikapanda na soksi. Nikapiga magoti mlangoni kwake, jicho kwenye tundu la ufunguo. Sikuona kitu ila aproni. Nikaweka sikio. Kisu kwenye ubao. Harufu ya vitunguu. Halafu Tavita, Tavita wangu wa asante, akiongea! Sentensi nzima! Nyingine! Kicheko! Moyo uliniuma, nasema kweli. Amekaa kwangu wiki nzima na hajacheka hata mara moja.

Nikiwa bado na sikio pale, mlango ukafunguliwa. Nikaingia kwa kichwa hadi kwenye slipa za Obdulia. Kanitazama juu mpaka chini. Kaniuliza, jirani, unatafuta chura?

Nikasema nimedondosha kifungo. Akasema shati langu halina vifungo. Kweli, nilikuwa na fulana. Tavita kasimama nyuma yake na kijiko mkononi, uso mwekundu, haniangalii.

Nimeshuka. Jioni nimefagia ngazi zote, zake pia, ili Nuria akipita aone nani mwenye usafi. Nimepika dengu. Tavita kala, kashukuru. Sijamwongezea.

Ijumaa, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Ua wa chuo ulijaa. Viti, maua, mtungi wa limonada. Obdulia kakaa safu ya nyuma kabisa. Mbinu, nikawaza, anajifanya hajali. Imogen kaanza. Kaongea kama mvua ya Aprili: kitanda cha doña Obdulia, kimanda cha viazi cha doña Obdulia, magoti ya doña Obdulia yanayomsumbua. Watu wakapiga makofi. Hotuba yangu nilikuwa nayo mfukoni, tayari kumnong'oneza Tavita akisahau.

Kaitwa. Kasimama. Kiti kilichokuwa nyuma yake hakikuonekana tena. Akafungua kwa sauti ya stesheni: Mabibi na mabwana, katika nyumba ya don Fulgencio... Akanyamaza.

Akanyamaza sana. Nikamnong'oneza baba, mwalimu, mpishi. Nikamnong'oneza tena. Safu nzima ilinisikia ila yeye. Nikaona chumba cha Maricruz kikifungwa kwa ufunguo.

Kisha sauti ya stesheni ikamtoka, ikabaki yake, ndogo. Kasema, polepole, akichagua kila neno, kwamba don Fulgencio si mpishi. Watu wakacheka. Kasema dengu zake ni ngumu na kila siku ni dengu, na kwamba yeye alikwenda kwa doña Obdulia kufundishwa namna ya kuzipika, ili akiondoka mzee asibaki anakula vile. Kasema yeye huwa haongei kwa sababu anaogopa kukosea, lakini katika nyumba ile amejifunza kutoogopa, kwa vile mzee anakosea kila siku na bado kesho anaamka na mpango mpya. Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Halafu akasema kila akirudi humkuta don Fulgencio kwenye roshani akimwagilia maua. Kila siku, hata yeye akichelewa. Na maua yale, kasema, ni ya plastiki.

Hakuna aliyecheka. Nuria kainama. Kijana akaongeza kwamba nyumbani kwao bibi yake naye hukaa mlangoni hivyo hivyo akisema anaota jua, hata siku ya mvua. Kisha akasema asante, akaketi.

Pale nilipomwekea alama ya kulia hakulia. Nimelia mimi. Ni vumbi la ule ua, hawafagii.

Nuria katangaza kabla ya limonada: jengo letu, nyumba ya don Fulgencio. Yangu! Nimeshinda! Obdulia ndiye aliyepiga makofi kwanza. Lazima iwe ilimchoma.

Jumamosi, 13 Julai

Basi limeondoka. Tavita kanikumbatia mpaka mgongo umelia. Kaacha sufuria ya dengu jikoni. Nimeonja. Laini. Sikujua dengu huwa hivyo.

Baadaye Obdulia kagonga. Nikajiandaa kumfariji, maana mshindi hamcheki aliyeshindwa. Akaketi, akasugua magoti, akaniambia kwamba yeye alijitoa Jumanne. Jumanne! Miguu haimruhusu tena kupandisha mizigo ya sokoni kwa watu wawili. Hornazo ilikuwa ya kumuaga Nuria. Alilia kidogo, akasema, kwa sababu Imogen ni wa mwisho wake.

Nikamwuliza basi Nuria alikuwa anaamua kitu gani tangu Jumanne. Kama nyumba yangu inafaa, akajibu. Baada ya chura Nuria alikaribia kusema haifai. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alitaka, lakini akaniona nafagia ngazi ambazo sijazigusa tangu Maricruz aondoke, akaona ni dhambi kunikatiza. Tena, kasema, ni zamani sana jengo hili halijacheka vile. Kaniachia nusu ya kimanda cha viazi. Kaniambia Jumapili nipande, kula peke yake hakunogi. Nimesema nitaangalia kama nina nafasi.

Nimelitafakari jambo hili tangu aondoke. Jumanne anajitoa, Jumanne ndiyo siku niliyotunga hotuba. Iko wazi. Alisikia hotuba yangu dirishani akajua hana lake. Magoti ni kisingizio! Nilimshinda kwa hotuba peke yake, na mengine yote yalikuwa nyongeza tu. Mtu asiniambie mipango yangu haifanyi kazi.

Na nimefanya vizuri kuwahi, maana adui mpya yupo. Sasa hivi, kupitia dirisha la jikoni, namwona don Leandro wa ghorofa ya kwanza anaanika godoro. Godoro la kitanda kimoja! Daktari wa meno anayekaa peke yake anaanika godoro la nani? Anataka mwanafunzi wangu wa mwakani. Jumatatu nampelekea Nuria hornazo, kubwa kuliko ya Obdulia. Itanilazimu nimwombe Obdulia anipikie, nami sitamwambia ni ya nini.

Naweka kalamu chini. Barabara imetulia, jua limeshuka, na sijamwagilia maua.