Punje za Shaba

Jumatatu, tarehe 9 Desemba
Baada ya masomo mimi na Lucien tumekwenda maabara ya Madame Clotilde. Anatafuta mwanafunzi wa kumsaidia likizo ya Noeli. Mmoja tu. Lucien ameongea vizuri. Mimi nimeitikia kwa kichwa.

Madame ameeleza. Protini inayotafutwa imeshonewa mkia mdogo: histidini sita, vipande vidogo vinavyojenga protini. Unamwaga supu ya bakteria waliopondwa juu ya punje zenye nikeli. Mkia unashika nikeli. Protini nyingine zote zinapita na maji. Nimerudi nyumbani Naviundu kwa miguu bila kuiona njia. Umati mzima unapita, na mmoja anabaki, ameshikwa mkia taratibu.

Jumanne, tarehe 10
Nimeota macho wazi darasani. Kwa nini nikeli? Hapa Lubumbashi, mji wa shaba! Shaba imelisha ukoo wetu tangu babu. Na kitabu kinasema shaba hushika histidini kwa nguvu kuliko nikeli. Ukurasa uliofuata sikuusoma. Kengele ililia.

Jumatano, tarehe 11
Kila mmoja amepewa punje nyeupe azitie nikeli. Madame alipogeuka, nilichukua chupa yenye maji ya shaba. Punje zikawa buluu kama anga ya mwezi wa sita. Nilizitazama mpaka nikasahau kufunga bomba. Lucien akauliza mbona zake ni za kijani. Nikamwambia kila mtu na mkono wake.

Alhamisi, tarehe 12
Majibu ya supu tuliyoimwaga jana yametoka; kila protini iliyonaswa huonekana kama mstari. Lucien: mstari mmoja, safi. Mimi: mistari kumi na minane, kama ngazi. Shaba imeshika protini yetu pamoja na majirani zake wasio na mkia.

Madame akauliza: "Kangwa, mutoto, uliweka nini humu?" Nikasema shaba, kwa sauti ndogo. Lucien akasema shaba ya kwetu iko na roho muzuri, haifukuze mugeni. Madame alicheka. Kisha akampa Lucien nafasi.

Ijumaa, tarehe 13
Nimekwenda kuomba msamaha. Madame amesema nimesema ukweli, basi nije likizo kuosha chupa. Sharti moja: nisibadilishe kitu bila kumuuliza. Nikikosea tena, nisirudi. Nimeapa mara mbili.

Chupa husuuzwa kwa maji safi ya mashine ya kuchuja, yanayotoka tone kwa tone. Polepole mno. Sasa mvua inanyesha, nzito, laini, maji ambayo hayajapita bomba lolote. Nimepanga beseni mbili chini ya paa letu la bati. Jumatatu nitawahi kabla ya wote, nisuuze chupa zote kwa maji haya. Madame ataona mwenyewe.