Mzinga wa Buluu na Chungu cha Mbogo

Jumanne, 2 Agosti 1994. Ishiara.

Safu zimekamilika! Mizinga kumi na miwili, yote imepakwa rangi ya buluu na kuandikwa nambari nyeupe, imenyooka nyuma ya kanisa kama askari wa gwaride. Kabla sijafika, watu hawa walitundika mizinga yao juu ya mti wowote, mahali popote, bila mpango. Sasa kuna mpango.

Kwa faida ya watakaoisoma shajara hii baada yangu: sisi ni wanafunzi wa kujitolea, tuliotumwa na kanisa wakati wa likizo ya chuo ili tukisaidie kikundi cha wakulima kuigeuza asali kuwa biashara itakayosimama yenyewe tutakapoondoka. Mratibu ni mimi, Mwirigi wa Kaaga, kwa sababu nimekwisha kuhitimu. Ednah, msichana wa Embu aliye mwaka wa tatu wa kilimo, anaonekana kudhani kwamba mratibu ni yeye.

Wanakikundi walileta mizinga kumi na mmoja. Idadi isiyogawanyika! Safu mbili za sita zilidai mmoja zaidi. Jana jioni niliuona mzinga wa gogo juu ya mgunga kando ya mto, mkuukuu, umejitenga. Nilimwita mwenye mzinga kwa sauti ya wastani. Hakuna aliyejibu. Tukautia moshi, tukautelemsha.

Ubavuni ulikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma: mistari mitatu na msalaba. Ednah akasema tuurudishe, kwa maana alama ni mtu. Nilimweleza kwa kirefu kwamba umiliki usioambatana na matumizi ni dhana tupu. Akaniuliza kama nyuki waliomo si matumizi. Nikamwambia swali liko nje ya mada. Niliuparua kwa randa mpaka alama ikafutika, nikaupaka buluu, nikauandika 12.

Ulinganifu kamili. Nyuki wa humo ndani wananung'unika mno.

Jumatano, 3 Agosti.

Mwenyewe yupo.

Anaitwa Mbogo. Mabega mapana, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Asubuhi amesimama mbele ya kinu cha posho na kutangaza kwamba mzinga wa marehemu baba yake umechukuliwa, na kwamba Jumamosi, pale njia panda, atavunja chungu.

Kimbeere chao na Kimeru changu vinaelewana nusu nusu. Leo niliielewa ile nusu yenye kutisha.

Mama Wanjira, mwenyekiti wa kikundi, akatufafanulia. Chungu cha udongo hupigwa chini mbele ya watu, na mwenye mali husema: aliyechukua apasuke kama hiki. Hafi siku hiyohiyo. Tumbo huanza kuvimba, polepole. Lakini, akasema, ndiyo maana hutangazwa mapema. Mtu akija kabla ya siku yenyewe na mbuzi wake, akasema ni mimi, watu hula, hucheka, na neno limekwisha. Maelezo hayo ya mwisho aliyarudia, taratibu, akinitazama. Nilimshukuru kwa kuniongezea maarifa ya mila.

Nikamuuliza, kwa heshima, yeye ambaye ni mwimbaji wa kwaya anawezaje kuyaamini mambo hayo. Akajibu kwamba hajasema anaamini. Ila yeye hamjui mtu aliyeyajaribu akarudi kusimulia.

Kisha likaja pigo. Hakuna atakayerina asali mpaka jambo hili lisafishwe, kwa kuwa hakuna anayekubali asali yake ichanganywe pipani na ya wizi. Na mnunuzi kutoka Embu mjini anakuja Jumapili baada ya ibada! Akikuta pipa kavu ataenda kwa wengine, na kikundi kitarudi kuuza asali kwa vikombe kando ya barabara.

Nilitoa hotuba dhidi ya ushirikina. Walipiga makofi. Nilipoketi kula, mkanda ulikuwa umenibana. Nimesogeza tundu moja.

Alhamisi, 4 Agosti.

Nimezingatia hali kwa utulivu wa kifalsafa. Sikulala.

Kukiri ni muhali. Mratibu anayekiri wizi si mratibu. Ednah angechukua nafasi yangu kabla mbuzi hajaiva, na Kaaga nzima ingejua kwamba kijana wao aliyehitimu alikwenda Mbeere kuiba mzinga. Tena si wizi. Ni upangaji.

Mkakati wa kwanza: kuurudisha kimyakimya. Adhuhuri, kila mtu akiwa kivulini, nikauweka mzinga nambari 12 begani na kuelekea mtoni. Kosa langu lilikuwa dogo tu: nilisahau moshi. Karibu na mgunga, nyuki wakatoka kuja kuniuliza. Niliweka mzinga chini (yaani uliniponyoka), nikakimbia, nikaingia mtoni na nguo zote. Mto una maji haba msimu huu. Yalinifika magotini.

Jicho la kushoto limefumba. Mdomo wa juu umekuwa kama wa mtu mwingine. Niliwaambia wenzangu nimeanguka. Ednah akaning'oa miiba kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, akisema kwamba huko nilikoanguka kuna mawe makali kweli, Bwana Mratibu. Jioni, yeye na Mama Wanjira wakaurudisha mzinga mahali pake kwenye safu. Hawakuniuliza ulifikaje mtoni. Kwa nini hawakuniuliza?

Mbogo amepita kunipa pole. Akaniita Profesa. Akasema uvimbe ni kitu kibaya, huanzia popote. Akacheka. Akaongeza kwamba kwake mlango huwa wazi, hata kwa mtu asiye na mbuzi mnono.

Ananishuku? Haiwezekani. Alama niliifuta mwenyewe.

Tundu la pili.

Ijumaa, 5 Agosti.

Nimepata! Akili iliyosoma haishindwi, huchelewa tu.

Hoja ni hii. Laana haikamiliki bila chungu. Vyungu vya udongo si vingi tena, watu wanapikia sufuria. Chungu kipya hakifinyangwi na kukauka kwa siku moja. Basi, vyungu vyote vya Ishiara vikiwa mikononi mwangu, Mbogo atavunja nini?

Nilitangaza kwamba mradi unakusanya vyungu vikuukuu kwa ajili ya kuhifadhia asali, kwa kuwa udongo huipa ubaridi unaofaa, na kwamba kila chungu kitabadilishwa na sufuria. Kina mama walitoka kila kijia. Kulipopambazuka tulikuwa na sufuria nyingi za kupikia wanafunzi. Kufikia saa sita tulikuwa na moja. Zilipopungua nikatoa redio yangu, blanketi, na viatu vyangu vya pili. Bibi mmoja alileta chungu kisicho na kitako. Nilikipokea. Siwezi kubahatisha.

Ghala imejaa vyungu hadi dirishani. Mama Wanjira akavikagua, akasema kwamba asali ndani ya chungu kidogo inapendeza kweli. Nilimwambia asinipotezee muda.

Nilikuwa nimeanza kuimba pale Mbogo alipotokea mlangoni. Akasema ametafuta chungu kila nyumba, kumbe vyote viko kwa Profesa. Je, naweza kumwazima kimoja kwa ajili ya kesho?

Watu kumi walikuwa wakisikiliza. Nikasema naam, bila shaka, nitakichagua mwenyewe.

Tundu la mwisho la mkanda. Nimebakiwa na usiku mmoja, na sufuria moja.

Jumamosi, 6 Agosti.

Naandika nikiwa nimelala chali. Nitasema yote kwa mpangilio.

Alfajiri niliipaka ile sufuria ya mwisho udongo mwekundu, nikaifukiza moshi, nikaitia masizi. Kwa mtu asiye na shaka ilikuwa chungu. Ndiyo maana wanafunzi hawakunywa uji. Ednah alinikuta nikiipuliza ikauke. Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akasema bado kuna wakati wa kumtafuta mbuzi. Nikamwambia ashughulike na kilimo.

Njia panda ilijaa. Hata mwalimu mkuu alikuja. Mbogo akakipokea chungu changu, akakipima mkononi, akakigonga kwa kidole. Ting!

Akaniuliza kwa sauti: "Profesa, chungu hiki kimefinyangwa wapi?"

Nikasema Kaaga.

Akasema watu wa Kaaga ni mafundi. Kisha akakiinua juu ya kichwa, akangoja. Akatangaza kwamba hana haraka, na kama kuna mwenye neno, yeye ana siku nzima. Mama Wanjira akakohoa. Ednah akanikanyaga mguu. Nikatazama mawingu. Tumbo langu, naapa, lilikuwa likikua pale pale chini ya shati.

Akatupa.

Ngwara! Sufuria ikaruka, udongo ukabanduka, ikaanguka tena, ngwara, ikashuka mteremko ikimeremeta juani, ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikalala miguuni pangu.

Nami nikasikia mtu akisema, kwa sauti nyembamba lakini kwa hoja nzuri, kwamba kwa kuwa chombo hakikuvunjika, laana haijakamilika, na kwa hiyo mtu aliyeuchukua mzinga hana la kuogopa, wala tumbo lake.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Mbogo akauliza nani alikuwa amelitaja tumbo langu. Hapo nikapiga magoti. Nililia. Nilimwomba asitafute chungu kingine. Nilisema ni mimi, ni mimi, na randa iko chini ya kitanda.

Wakacheka! Mbogo alicheka mpaka akakaa vumbini. Walijua tangu Jumatano. Mzinga wa baba yake ulikuwa mfupi kuliko yote, na mimi nilikuwa nimeuweka mwisho wa safu ya pili na kuupaka buluu. Siku zote hizo hawakumtafuta mwizi, walikuwa wakimngoja.

Sina mbuzi. Mbogo akakubali suti yangu ya mahafali, kisha akatoa mbuzi wake mwenyewe. Watu wakala. Mimi nikapewa supu. Mchana wote wamerina asali, wakiimba.

Mkanda umerudi tundu lake la kwanza. Inaelekea uvimbe ulikuwa wa maharagwe tu.

Jumapili, 7 Agosti.

Mnunuzi amekuja. Pipa limejaa. Akashuka garini, akaangaza macho, akamwona mtu mwenye mabega mapana ndani ya suti nyeusi iliyopasuka kidogo mgongoni, akaenda moja kwa moja kumpa mkono: "Bwana Mratibu!" Mbogo hakumsahihisha. Alimtembeza kila mahali, akamweleza habari za maua na mvua. Akaahidi kuleta mizinga yake mingine kikundini, kwa sharti kwamba hakuna alama itakayoguswa.

Mama Wanjira akamtilia mgeni asali katika kile chungu kidogo kuliko vyote. Mgeni akakishika kama kifaranga. Sasa anataka asali yote ije ndani ya vyungu vidogo, kila mwezi, na kina mama watavifinyanga wenyewe. Ednah anawapangia zamu.

Nimeandika ripoti kwa kanisa. Nimeeleza jinsi ukusanyaji wangu wa vyungu ulivyozaa biashara itakayosimama yenyewe. Sikuona haja ya kutaja sufuria.

Alhamisi, 18 Agosti. Kanyakine.

Nimehamishiwa huku, mradi wa ndizi. Ripoti yangu iliwavutia, bila shaka. Ednah amebaki Ishiara kuwa mratibu, namhurumia.

Watu wa hapa ni wema, lakini mpangilio hawana. Shamba letu la mfano ni zuri, ila katikati ya migomba kuna mstari wa maua meupe uliopindapinda, unaharibu mandhari yote. Murithi, mwanafunzi tuliyepewa, akaniomba nisiyaguse. Eti yalipandwa na babu za majirani wawili wasiosalimiana, wenye ardhi hii, kuonyesha shamba la huyu linapoishia na la yule linapoanzia. Nilimweleza kwa kirefu kwamba ua ni ua tu. Nikawaita wenye maua kwa sauti ya wastani. Hakuna aliyejibu.

Niliyang'oa kabla ya chai na kuyapanda upya kwa kamba, mstari ulionyooka kabisa. Ulinganifu kamili!

Kuna watu wawili wanapaza sauti huko migombani, na sauti zinazidi kukaribia. Murithi ameingia mbio, akaniuliza kama nina mbuzi.

Nimefunga komeo. Mkanda, nashangaa, umeanza kunibana.