Springi Iliyomwendea Mama Mkwe

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya watu elfu kumi. (Sawa, walikuwa kama sitini. Lakini kila mmoja alikuwa na simu.)

Wacha niwaeleze polepole.

Kigari changu mnakijua. Cheupe, milango mitatu, chepesi kiasi kwamba upepo wa Kangundo Road hukisogeza kikiwa kimeegeshwa. Hicho ndicho nilichokiandikisha kwa mashindano ya leo kule Njiru, yale ya watu wa kawaida: uwanja wa marram, ule udongo mwekundu wenye changarawe, koni za plastiki, mnakimbia mmoja mmoja huku mtu akiwapima kwa saa. Zawadi ni kikombe na makofi.

Mimi kikombe sikukitaka. Mimi nilikuwa natafuta ploti.

Wazazi wa mke wangu, Nafula, wana ploti hapo Njiru, kando ya barabara. Sehemu ya mbele iko wazi, inaota nyasi tu. Tangu nimalize masomo ya jioni ya umakanika nimekuwa nikiomba nifungue gereji pale. Baba mkwe, Mzee Wekesa, alistaafu kutoka karakana ya reli, na haamini kwamba mtu anaweza kujifunza gari gizani. (Nilimweleza kwamba darasani kulikuwa na taa. Hakuguswa.) Wiki iliyopita akalegea. "Mkwe, Jumamosi tutakuja kuona hiyo gari yako. Ikienda vizuri, tutaongea mambo ya ploti."

Sikuuliza watakuja nani na nani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Sasa, kigari chenyewe. Kinavutwa na magurudumu ya mbele. Ukikiingiza kwenye kona kwa kasi, wewe unapinda usukani, chenyewe kinaendelea moja kwa moja kama karani aliyeona una swali. Dawa yake tulifundishwa: unakaza nyuma. Springi za nyuma zikiwa ngumu, mkia unazunguka kwa wepesi na pua inakubali kuingia kona. Si uchawi, ni somo la Jumatano.

Basi nikatafuta springi mbili nzito za pikapu, nikazikata kwa grinda zikawa fupi, nikazipachika. Kigari kikainama nyuma kama simba anayetaka kuruka. (Nafula alisema kama kuku anayetaka kutaga.)

Kuna kitu nilikiona, na nakikiri hapa mbele yenu. Gari likiwa juu ya jeki, zile springi zilikuwa zinacheza. Zilikuwa fupi mno, hazikufika juu. Nikajiambia: nikishusha gari, uzito utazibana. Nikashusha. Uzito ukazibana. Nikajinunulia soda.

Leo asubuhi nikaendesha kutoka Dandora hadi Njiru bila shida yoyote. (Kila tuta nililipanda kama nimebeba mayai ya watu.) Nikafika, nikashuka, nikanyoosha ovaroli, nikawatafuta wakwe.

Mzee Wekesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani. Kando yake Nafula. Na kando ya Nafula, ameketi chini ya mwavuli, akiwa na gauni lake la kitenge refu la kufagia chini, mama mkwe.

Kwa wasiojua: kwetu magharibi, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Humpi mkono. Hukai naye meza moja. Mkikutana njiani, mmoja anavuka ng'ambo. Ni heshima. Nimeoa miaka minne na mama mkwe namjua kwa sauti na kwa mgongo.

Nikawasalimu kutoka umbali wa mabasi mawili.

"Hamjambo huko?"

"Nafula," mama akasema akitazama upande mwingine, "mwambie mume wako hatujambo."

"Mama anasema hawajambo!" Nafula akanipigia kelele, kana kwamba niko Kisumu.

Ikafika zamu yangu ya ukaguzi. Hakuna gari linalokimbia kabla halijapitishwa. Mkaguzi alikuwa jamaa mrefu, mpole, kalamu sikioni. Mzee Wekesa akainuka kuja kuona kwa karibu. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikaanza kufundisha.

Jamani, nilifundisha!

"Baba, hapa nyuma ndipo penye siri. Watu wengi wakitaka gari la hivi likimbie, wanahangaika na injini. Mimi nimeshughulikia mkia." Watu wakasogea. Nikapandisha sauti. Kuna mmoja alianza kurekodi, nami nikageuka kidogo ili upande wangu mzuri uonekane.

Mkaguzi akachungulia chini. "Hizi springi umezifunga na nini?"

"Hazihitaji kufungwa. Uzito wa gari unazishika."

"Na gurudumu likienda hewani?"

"Haliwezi kwenda hewani. Nimekaza."

"Mm," akasema Mzee Wekesa. Ilikuwa mm ya karakana ya reli. Ningeishia hapo kama ningekuwa na akili.

Mkaguzi hakubishana. Alichukua jeki, akaiingiza nyuma, akaanza kupampu. Gari likapanda. Gurudumu la kushoto likaning'inia.

Springi ikatoka.

Haikuruka. Haikulia. Ilitoka tu, taratibu, kama mtu anayeondoka kanisani kabla ya tangazo la harambee. Ikaanguka kwa ubavu, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kubingirika. (Ule uwanja una mteremko. Sikuwa nimeuona hadi wakati huo.)

Ikapita kati ya miguu ya mkaguzi. Ikampita Mzee Wekesa, ambaye aliinua mguu kuipisha. Ikapinda kona safi kabisa, kona ambayo kigari changu hakijawahi kuipinda tangu kitoke kiwandani. Ikaenda hadi kwa mama mkwe, ikagonga mguu wa kiti, ikalala kwenye pindo la gauni lake.

Simu zote zikageukia kule.

"Nenda uchukue springi yako," mkaguzi akaniambia.

"Siwezi."

"Huwezi aje?"

"Yule ni mama mkwe."

Mkaguzi akatoa kalamu sikioni. "Uui," akasema kwa huruma. Kumbe naye anatoka pande zetu.

Hapo ndipo nilipoona tatizo la pili. Pale nilipoikata kwa grinda, ncha ilibaki kali kama ndoano. Na ilikuwa imeshika kitenge. Akisimama tu, gauni linapasuka! Bila kufikiri nikapiga hatua tatu mbele, mikono juu. "Mama! Usisimame!"

Yeye aliona kitu kimoja tu: mkwe anamjia mbio. Akasimama. Akainua mwavuli kujificha uso, akaondoka kwa heshima zote. Springi nayo ikaondoka, ikiburutwa nyuma yake, ikilia kwenye mawe.

Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza mwendo.

"Nafula! Mwambie asije!" mama akapiga kelele.

"Mama anasema usije!"

"Mwambie ana springi!"

"Mama, una springi!"

"Nina nini?"

"Springi!"

"Hata kama! Asije!"

Tukazunguka koni ya kwanza. Tukazunguka ya pili. Mtu wa saa, kwa mazoea yake tu, alikuwa ameibonyeza. Watu wakaanza kushangilia, na lazima niseme ukweli, walikuwa wanamshangilia mama. "Kata ndani, mathe! Kata ndani!" Kwenye koni ya tatu akakata ndani. Mimi nikateleza nikaenda moja kwa moja, tumbo chini, mdomo umejaa marram.

Nilipoinua kichwa, Nafula alikuwa amempata mama yake na anachomoa ile ndoano. Kitenge kilikuwa na tundu ambalo kuku angepita bila kuinama.

Mkaguzi aliandika neno moja kwenye karatasi yangu, na halikuwa "limepita".

Mzee Wekesa akaja na springi mkononi. Akapitisha kidole kwenye ile ncha. "Hii uliikata na meno?"

"Na grinda, baba."

"Sisi tungeipiga tupa, halafu tuifunge na waya. Waya tu, mkwe. Kwani huko darasani hamkufundishwa waya?"

"Tulisoma jioni, baba."

"Ndiyo maana."

Nikajikaza nikauliza kuhusu ploti. Mtu akishakula marram hana tena la kuogopa. Mzee akatazama chini, akatazama gari lililokuwa bado limeinua mguu mmoja pale juu ya jeki. "Cheti cha ploti kina jina la mama yenu," akasema. "Si langu. Subiri."

Tukasubiri. Mama alikuwa ameketi tena, mkoba umeziba lile tundu, mwavuli umeniziba mimi. Alikunywa maji. Alifunga chupa. Dakika kumi hivi. (Ilikuwa moja.)

"Nafula. Mwambie mume wako nitampa ile ploti."

Moyo uliruka! Niliona bango, niliona foleni ya magari hadi Ruai!

"Lakini ni ya kuosha magari. Na magurudumu yote manne yakiwa chini."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," nikamwambia.

Basi nafungua Jumatatu. Leteni magari Njiru, nitayaosha vizuri. Vicheko muache nyumbani.