Kitengo cha Mauzo Chapata Utaratibu

Wananchi wa mtandao, tegeni masikio: Kitengo cha Mauzo cha jukwaa letu la biashara sasa kina utaratibu. Natangaza jambo hili nikiwa Mwenyekiti wa kitengo hicho, cheo nilichopewa kwa kauli moja, kwa sababu siku ya uchaguzi mtandao ulikuwa unasumbua na walioweza kuingia kikaoni ni mimi na Katibu tu.

Kabla yetu ilikuwa vurugu tupu. Kila mwenye simu alitangaza anachotaka, popote alipotaka. Godoro lilikaa juu ya kuku, kuku chini ya gauni la harusi, na katikati yao mtu anaulizia fundi bomba. Baya zaidi, vitu vilikuwa vinauzika. Mtu anaweka picha ya meza asubuhi, mchana meza imeshaondoka, na kamati haijaarifiwa. Uongozi wowote unaojiheshimu usingevumilia hali hiyo.

Katibu ni mtunza stoo, na jukwaani anaitwa Nukta, kwa kuwa hakubali ujumbe usio na nukta mwishoni. Yeye ndiye aliyependekeza tukigawe kitengo kwa vifungu. Tukaanzisha Vitu vya Kukalia, Vitu vya Kulalia, Wanyama Hai na kadhalika. Sofa linalokunjuliwa likawa kitanda lilitutoa jasho. Baada ya vikao mfululizo tuliamua kwamba mchana litangazwe kwenye Kukalia, na jua likizama lihamie Kulalia, jukumu la kulihamisha likiwa la mwenye mali. Mwenye mali aliamua kubaki na sofa lake.

Kisha akaja Mama Cherehani. Huyu ni mshonaji, mtu mzima, ambaye binti yake aliye mji wa mbali alikuwa amejifungua mapacha, na mama alimwahidi kwamba Jumamosi atakuwa amefika kumsaidia kulea. Chumba alichopanga alikuwa anakirudisha, hivyo kila kilichomo kilitakiwa kuondoka. Akatangaza friji, kabati na mbuzi. Nukta akalizuia tangazo lote. Alimwandikia kwamba mbuzi hachanganywi na makabati, ampeleke Wanyama Hai, tena aambatanishe cheti cha chanjo.

Mama alijibu kwa upole kwamba mbuzi huyo ni wa kukunia nazi, ni wa mbao, na chanjo hajapata kwa sababu hajawahi kuugua.

Kamati ilikutana kwa dharura. Tulimhurumia, lakini mbuzi ameandikwa mbuzi, na tukianza kulegeza hatutajua pa kuishia. Kesho yake tulionekana kuwa na busara, pale mhasibu mmoja mstaafu alipotangaza tai zake za kazini, naye Nukta akamwonya kwamba ndege wa porini hawauzwi bila kibali. Mhasibu aliuliza kama ndege hao wanafaa kuvaliwa na suti ya kijivu. Tukamfungia Kitengo cha Mauzo kwa utovu wa nidhamu.

Sasa, jukwaa lina kitengo kingine kiitwacho Salamu za Asubuhi, kisicho na kamati wala hadhi. Alhamisi ile, akiwa amebanwa kila upande, Mama Cherehani aliandika huko: "Hamjambo wanangu? Mimi nimeamka salama, na friji yangu nayo imeamka salama, inagandisha vizuri sana."

Mara fundi bomba mmoja akajibu kwamba anaisalimu friji, na angependa kujua imeamka na bei gani. Mama akasema imeamka na bei ya juu kidogo, ila jua likipanda huenda bei ikashuka. Kufika mchana friji ilikuwa juu ya mkokoteni. Kabati lilifuata. Mbuzi alijuliwa hali na watu wengi, akaenda kwa mpishi wa hoteli. Jumamosi mama akapanda basi, mikono mitupu, roho nyeupe.

Baada ya hapo adabu iliongezeka jukwaani kwa kasi isiyo kifani. Watu walisalimiana kutwa. Baiskeli zilipewa pole ya safari, makabati yaliulizwa habari za nyumbani, na yule mhasibu aliwaamkia wote pamoja na tai zake. Wakati huo Kitengo cha Mauzo kilikuwa kinang'aa. Hapakuwa na tangazo hata moja lililokosewa, kwa kuwa hapakuwa na tangazo. Niliripoti kwamba makosa yametokomezwa. Nikampongeza Nukta, naye akanipongeza.

Ndipo mke wangu akanunua sofa jipya.

Aliniambia la zamani liondoke siku hiyohiyo, maana sebule yetu haiwezi kubeba yote mawili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anaongea na Mwenyekiti. Nililitangaza kwenye Vitu vya Kukalia, kwa nukta zote. Nukta alilisifu sana tangazo lile, na hakuna mwingine aliyeliona. Gari likafika, wapagazi wakalitupa la zamani nje ya geti, na wingu jeusi likatanda. Mke wangu aliangalia juu, akaniarifu kwamba sofa likilowa litanuka, na likinuka nitalala nalo.

Ikabidi nishuke hadi Salamu za Asubuhi. Niliandika kwamba, kwa mamlaka niliyonayo, wanachama wanaarifiwa kuwepo kwa sofa la watu watatu. Ujumbe ulisomwa na jukwaa zima. Watu wakaendelea kusalimiana. Mwishowe Mama Cherehani, huko kwa binti yake, alituma ujumbe wa sauti, mapacha wakilia nyuma yake.

"Mwanangu, hapa tunaamkiana kwanza. Umekulia wapi wewe?"

Tone la kwanza likaangukia kioo cha simu. Nikaandika shikamoo. Ni neno fupi, lakini vidole vyangu vya uongozi havikuwa vimelizoea.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka vibaya, mama. Nimeamka na sofa nje, mvua hii hapa, na mke wangu ananitazama."

Jukwaa lote lilicheka, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu getini kama mwehu. Kabla mvua haijakolea, fundi bomba alifika na mkokoteni, akisaidiwa na mhasibu aliyevaa tai nyekundu. Walipakia sofa. Kisha wakaingia ndani na kutoka na kiti changu cha ofisini chenye magurudumu, kile ninachokalia kuendesha vikao. Niliwauliza kulikoni. Mhasibu akasema mke wangu alikuwa ameamka nacho tangu asubuhi, na kimeshalipiwa.

Sofa jipya halikaliwi na mtu, amesema mke wangu, mpaka waje wageni. Kwa hiyo kikao cha jioni hiyo nilikiendesha kwa simu nikiwa nimesimama jikoni. Nukta alisikia masufuria, akauliza niko wapi, nikamweleza. Akauliza, kwa heshima zote, kama mtu asiye na kiti anaweza kuendelea kuitwa Mwenyekiti.

Nilimwambia suala hilo linahitaji kikao. Tumekaa, yaani yeye amekaa, na uamuzi umetoka. Kuanzia leo nyaraka zote za kitengo nitazisaini kwa cheo changu kipya cha muda: Mwenye.