Chupa ya Mwisho ya Strathorn

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Mji wetu wa Dufftown, huku Uskoti, hauna habari nyingine. Ila leo dukani nimepata moja kubwa: jirani yetu Ishbel Tulloch atafungua chupa yake ya Strathorn Jumapili, baada ya kanisa. Strathorn ya miaka thelathini! Wiski ya mchanganyiko, na aliyeichanganya ni marehemu mumewe, Alasdair, kabla kampuni haijafungwa. Haitengenezwi tena. Hiyo ndiyo chupa ya mwisho tunayoijua.

Sijawahi kuionja. Nikajisikia nikisema naijua vizuri, niliinywa arusini kule Elgin. Sijui ulimi ulitoa wapi arusi hiyo.

Lachlan Petrie, kinyozi, adui yangu wa siku nyingi, alikuwa nyuma yangu. Akasema basi Jumapili nitawekewa glasi tatu, niitambue Strathorn mbele ya watu. Nikamwambia hata macho yakiwa yamefumbwa. Ulimi tena.

Jumanne, 4 Novemba

Nimezunguka kuuliza ladha yake. Mwenye duka anasema asali. Mchungaji anasema ngozi ya tandiko. Mke wangu Effie aliwahi kuinywa, lakini siku hiyo viatu vilimbana, hakumbuki kingine.

Nikaamua kuitengeneza mwenyewe, nijizoeze. Wiski ya kimea, wiski ya nafaka, kijiko cha asali, kipande cha mkanda wangu wa ngozi. Nikaiacha ndani ya birika, ikomae. Effie akadhani ni chai iliyolala, akamwagilia maua ya dirishani. Maua nayo yamelala.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango mpya: kunusa kizibo. Kunusa tu.

Dirisha la Ishbel hupiga mluzi upepo ukivuma. Nikaenda na bisibisi, nikamwambia nimekuja kulitengeneza. Alinitazama kwa muda, maana hata la kwangu sijawahi kuligusa. Akaenda jikoni kuchemsha chai. Chupa ilikuwa kabatini. Nikakizungusha kizibo polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Kizibo cha zamani ni mkate mkavu. Nusu ilibaki mkononi. Nusu ikazama kwenye wiski.

Na Ishbel mlangoni, na sinia la chai.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alileta kitambaa safi, akaichuja wiski yote kwenye jagi, akaisuuza chupa kwa tone la hiyohiyo, akairudisha wiski ndani. Mimi nimesimama na bisibisi yangu. Halafu akamimina glasi moja ndogo, akaisukuma kwangu.

Akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Tangu mafua ya mwaka jana pua yake imekufa. Supu, chai, sabuni, vyote kwake ni kimoja. Alikuwa akijiuliza ataifunguaje chupa ya Alasdair asijue Alasdair alisema nini ndani yake.

"Kunywa, Torquil. Halafu uniambie. Na usinipambie."

Nikanywa. Mwanzoni joto tu. Kisha maganda ya tofaa yaliyokaushwa karibu na jiko. Kisha mbao zilizopakwa nta, kama viti vya kanisani asubuhi kabla watu hawajaingia. Moshi, lakini wa mbali, wa nyumba ya mtu mwingine. Na mwishoni kabisa kitu chenye chumvichumvi, kinapita, kinajificha. Nikamwambia hicho sikijui jina. Nikanywa tena kidogo kukifukuza. Kikanitoroka.

Ishbel akacheka. Alasdair alikuwa akisema ukishajua kila kilichomo, chupa imeisha hata kama imejaa. Akajifuta macho kwa kitambaa kilekile cha kuchujia, akaniuliza kuhusu maganda ya tofaa, yalikuwa matamu au makali. Nikamwambia makali.

Alasiri nzima sikusema uongo. Effie hataamini, kwa hiyo sitamwambia.

Jumapili, 9 Novemba

Sebule ya Ishbel imejaa. Glasi tatu mezani. Nilikuwa nimetulia kama mtu aliyeuona mtihani kabla.

Glasi ya kwanza: nikakunja uso. Nikasema hii ni wiski ya kituo cha mafuta, tena ya upande wa dizeli. Ya pili: nikafumba macho. Nikawapa maganda ya tofaa, mbao, moshi wa jirani. Hii ndiyo Strathorn! Ya tatu nikasema ni kitoto, irudishwe ikanyonye.

Ishbel akaweka chupa mezani.

"Zote tatu zimetoka humu," akasema. "Siku ya kumkumbuka mume wangu nilete takataka mezani kwangu?"

Lachlan alicheka hadi akashikilia kitundikio cha makoti, wakaanguka wote wawili. Mchungaji alijitahidi, akashindwa. Effie hata hakujitahidi.

Ishbel alinifuata dirishani. Kuhusu kizibo hajasema neno kwa mtu. Akanong'ona kwamba amewauliza wageni wote walioonja, na wote wameyapata maganda ya tofaa. Kile cha chumvi hakuna aliyekitaja.

"Cha kwako peke yako hicho," akasema, akaniongezea.

Nikakitafuta tena. Bado.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimetafakari. Ulimi wangu hauna kosa. Glasi ya kwanza haikufutwa vizuri, na ya tatu ilikaa karibu na mshumaa.

Leo mchungaji alikuwa akilalamika kwamba mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo hayana mwamuzi. Nikamwambia nimekua nao, nalala nikiwaota. Amefurahi sana. Ni Jumamosi.

Effie anasema mimi naogopa mbwa. Ni kweli. Lakini mbwa wenyewe hawajui.