Malalamiko Dhidi ya Mguu wa Kulia wa Jirani Yangu

Mheshimiwa Afisa Ardhi,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba wewe na mafaili yako hamjambo. Mimi ni fundi cherehani, yule mwenye mlango wa bluu unaotazamana na bucha. Sijawahi kumshtaki mtu maishani, hata wale wanaoniletea suruali niibane, kisha wananenepa na kunilaumu mimi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Jirani yangu amepona mguu, na amepona bila kunishirikisha.

Jambo lenyewe liko hivi. Mama yangu anaishi kwa kaka yangu, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Magoti yake yamegoma kushuka ngazi, na huu ni mwezi wa saba anauona mtaa kupitia dirishani tu. Niliamua kumjengea chumba kimoja chini hapa kwangu, nikanunua kwa jirani kipande kidogo cha ardhi kilicho kati ya mlango wake wa nyuma na ukuta wa karakana yangu. Kipande hicho ndicho kilichozaa malalamiko yafuatayo.

1. Jirani ni mstaafu wa posta. Amepeleka barua kwa miguu miaka thelathini na moja, na mtaani kwetu ukitaka kujua umbali wa kitu unamuuliza yeye. Siku ya kupima, futi yangu ilikuwa shingoni kama kawaida. Aliitazama, akasema hiyo ni ya viuno, na ardhi haina kiuno. Kwa kuwa ni mzee wangu, sikubishana. Mkataba ukaandikwa kwamba muuzaji atabaki na hatua zake kumi na mbili kuanzia kizingiti cha mlango wake wa nyuma, na kitakachosalia hadi ukuta wa fundi ni mali ya fundi. Tulitia saini, mke wangu naye akatia, na muuza nyama akawa shahidi. Alama ya mafuta utakayoiona pembeni ni kidole chake, si muhuri.

2. Siku hiyo mguu wake wa kulia ulikuwa unamsumbua sana. Alitembea kwa mkongojo, na hatua ya kumi na mbili ikaishia kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, mahali ambapo mtu mwenye afya hufika kwa hatua saba. Mke wangu alikohoa. Mimi nilihesabu kwa sauti, nikimpa pole katika kila hatua, na jioni ileile nikaanza kuchimba msingi.

3. Sasa ndipo jirani akaanza kwenda kwa mtaalamu wa viungo. Hakuniambia. Nilimwona tu akinyoosha mguu uani kila asubuhi, nikadhani anapunga hewa. Mtu anayejua kwamba mguu wake umo ndani ya mkataba anaugusaje bila kumwuliza mwenzake? Baada ya miezi minne mkongojo ulikuwa unashikilia mlango wa banda la kuku.

4. Karani wako alipokuja kuhakiki mpaka, alisoma mkataba mara mbili, akaagiza hatua zipimwe upya mbele yake. Jirani akavaa viatu vyake vya kazi, vile vya posta. Hatua ya saba ilifika kwenye nguzo. Ya tisa ilikuwa ndani ya msingi wa Mama. Ya kumi na moja iliingia karakana kwangu, maana mlango wa uani ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, na ya kumi na mbili ikatua juu ya pedeli ya cherehani. Karani aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo mpaka leo, kwa mujibu wa karatasi zako, mimi nimenunua ardhi na nimebaki na pungufu ya niliyokuwa nayo.

5. Kinachouma zaidi ni kwamba jirani hana ubaya wowote. Akija kwangu anabisha hodi, kisha anacheka na kusema anabisha hodi ya nini na hapa ni kwake. Wateja wangu anawakaribisha yeye. Juzi alimwambia mwalimu mmoja aketi tu, asiogope, fundi ni mpangaji mwema.

Kwa sababu hizo, naiomba ofisi yako itamke kwamba mguu halali ni ule wa siku ya kusaini. Ikishindikana, jirani apimwe upya akiwa ameshiba, amevaa ndara, na amebeba beseni la maji kichwani. Na hilo likishindikana pia, mtaalamu wa viungo aamriwe kuurudisha mguu katika hali aliyoukuta nayo. Mke wangu anasema ninaomba mzee wa watu alemazwe. Si kweli. Ninaomba mguu uumwe kisheria tu. Kwa mambo mengine autumie apendavyo.

Nasema haya kwa uchungu. Mama ananipigia simu kila Jumapili kuuliza kama dirisha litatazama barabarani, nami namjibu ndiyo, ila msingi bado haujakauka. Msingi gani hukauka kwa miezi mitano? Mama anajua ninadanganya, ananitakia kazi njema, anakata simu. Naona aibu sana.

Nisalimie karani, mlinzi wa getini na yule dada wa masjala aliyenitafutia faili langu hadi chini ya meza.

Ndimi raia wako mtiifu, kwenye ardhi ya nani sijui,

Fundi wa Mlango wa Bluu

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha, kaka akapiga simu kwamba Mama amefunga mzigo, ameukalia, na hataki tena habari za msingi. Nilikwenda na jirani. Mimi niliishiwa pumzi ghorofa ya pili, nikakaa kwenye ngazi. Jirani alipanda hadi juu, akashuka na Mama mgongoni, mguu wa kulia ukitangulia. Tulipofika alimpitisha kwake, akatokea mlango wa nyuma, na kwa mazoea akaanza kuhesabu. Kumi na mbili ikaishia kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Akasema mkataba unataka hatua zake, haukusema awe amebeba nini. Mama, akiwa hukohuko mgongoni, akaniuliza kwa nini mtu mwenye futi shingoni alipima ardhi kwa mguu wa mgonjwa. Naomba ofisi yako isiniulize swali hilo.

Futa maombi yangu yote. Ningeandika barua nyingine, lakini jirani amekwisha kuvaa kofia yake ya posta na anaisubiri hii mlangoni; ndiye anayekuletea. Usimweke sana kwenye benchi. Akikaa muda mrefu mguu unakaza, na karani akija kesho kupima upya tutauhitaji ukiwa mzima, maana Mama ameshakubali kubebwa tena.