Kikohozi Ukutani kwa Mama Wendy

Jumatatu, 7 Julai

Nimeshtakiwa! Mimi, Dedan Wamae, fundi wa mabomba mwenye leseni, wa pekee hapa Mukurweini ukimtoa Ben, na nani anamhesabu Ben? Mama Wendy, yule mjane wa juu ya kiwanda cha kahawa, amepeleka malalamiko ofisini Nyeri, wanakotoa leseni zetu. Anasema bafu la nyuma nililomfungia lina kasoro. Ukuta unakohoa. Ofisa atakuja Ijumaa kuupasua aone kazi yangu.

Asiupasue! Niandike hapa, maana hapa hasomi mtu: ndani ya ukuta ule hamna kitu. Paipu ziliniishia, mpiga plasta alikuwa na haraka, nikachomeka kipande cha urefu wa kiganja, nikakiziba nyuma, nikafunga mfereji mbele ili papendeze. Nikamwambia Mama Wendy kwamba maji hayana nguvu ya kufika huko. Akakubali, mama wa watu. Ofisa akiona hivyo, leseni imekwenda, nami nitarudi kuchuma kahawa ya ndugu yangu na kusikiliza mahubiri yake.

Halafu kuna jambo dogo. Paipu ambayo haijaungwa popote haipitishi maji wala hewa. Haiwezi kukohoa. Nimeamua kutolifikiria hilo.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kusikiliza. Ukungu tangu asubuhi, hata migomba ya jirani haionekani. Nimemweleza Mama Wendy kitaalamu kwamba ni hewa. Amenitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Akasema marehemu mumewe, Munene, alikuwa mtu wa adabu za zamani. Hakuingia nyumba yoyote, hata yake mwenyewe, bila kukohoa kwanza na kungoja aambiwe karibu. Mvua inyeshe, yeye yuko pale nje. Basi na ukutani ni hivyo hivyo: kikohozi, kisha kimya cha mtu anayengoja. Nikauliza kama amewahi kukijibu. Hajawahi, na hana nia.

"Hewa inatoka inaenda, Wamae. Hii inangoja."

Nilitaka kucheka. Ndipo ukuta ukakohoa. Polepole, kikohozi cha mwanamume mzima anayejua amechelewa. Kisha kimya, na kimya kile ndicho kibaya! Nilihisi shingoni kwamba ni zamu yangu kusema neno. Spana ilinitoka mkononi. Niliondoka bila kuaga. Niliogopa sana, naandika wazi.

Baadaye. Akili imerudi, na akili yangu hairudi mikono mitupu. Kama anayekohoa ni marehemu, basi si kazi mbovu! Ofisi gani itamnyang'anya fundi leseni kwa ajili ya mume wa mtu? Mama Wendy aamini tu kuwa ni Munene wake, atayafuta malalamiko, na ukuta utabaki mzima.

Jumatano, 9 Julai

Nimempelekea hoja yangu. Haikuingia. Anasema Munene alikuwa anakohoa langoni, si bafuni, na alikuwa na haya sana kuhusu mambo ya bafuni. Hoja nzuri. Basi lazima akohoe langoni. Na wa kumsaidia kukohoa yupo.

Nimefanya mazoezi kutwa. Kikohozi cha mzee ni kigumu: kinaanzia tumboni na kina heshima ndani yake. Ben amepita kibandani kwangu akanisikia. Kufikia saa ya chai soko zima linajua nina TB. Kinyozi amenikataza kuketi. Ben tayari amemtumia Mama Wendy salamu kwamba yuko tayari kumalizia kazi ya mgonjwa. Nyoka!

Alhamisi, 10 Julai

Nitaandika upesi.

Nilifika langoni kwa Mama Wendy kukipambazuka. Ukungu mzito. Nikajibanza kwenye ua wa kayaba, ile miti ya miiba, nikavuta pumzi, nikakohoa. Kazi safi! Nikangoja.

Nyuma yangu, karibu na sikio, mtu akakohoa. Vizuri kuliko mimi.

Sikugeuka. Dirisha likafunguka. Mama Wendy hakupiga kelele. Alizungumza kwa upole, macho yakipita juu ya kichwa changu, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia.

"Wewe si Munene. Munene akikohoa alikuwa ananiita jina. Hapa hakuna karibu yako. Enda kwa huyo anakuita, hapo mbele yako."

Nikakimbia. Gambuti moja ilinivuka mguuni ikanasa kwenye miiba ya kayaba, nikaiacha. Nimekatiza mashamba ya nduma ya watu bondeni, nimeanguka mtoni, nimepanda upande wa pili kwa magoti. Muda wote kulikuwa na nyayo za mtu nyuma yangu. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea tu, na hakubaki nyuma.

Ijumaa, 11 Julai

Ofisa amekuja. Anaitwa Kathure, Mmeru, mdogo kwangu kwa umri, hacheki. Amepasua ukuta mwenyewe kwa nyundo na tindo. Kipande changu kikaanguka sakafuni, kikavu kabisa, kikaviringika hadi kwenye viatu vyake. Akauliza kilikuwa kimeungwa na nini. Nikasema kilikuwa cha majaribio. Akaandika.

Uamuzi: nirudie bafu lote bila malipo, na Ben akague kila kiungo. Ben! Nikishindwa, leseni naiweka mezani kwake Nyeri.

Nikajitetea. Malalamiko yalikuwa ya kikohozi. Je, kikohozi bado kipo? Mama Wendy akakiri kwamba hakijasikika tangu jana alfajiri. Basi si nimekitibu! Kathure akaanza kutikisa kichwa kama anayekubali. Ndipo Mama Wendy akaingia chumbani, akatoka na gambuti yangu, imeoshwa, akaiweka mbele yangu.

"Kiatu yako hii. Na ule mtu mrefu wa kofia, alisimama nyuma yako jana, ni nani?"

Kathure akainua kalamu. Ningesemaje? Ningesema sikuja na mtu, wangeuliza nilikuwa natafuta nini langoni alfajiri. Nikasema ni mwenzangu. Tunafanya kazi pamoja. Tulikuja kupima lango.

Kathure akaandika na hilo. Mama Wendy akaniangalia kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya aibu. Nimechimba ukuta, nimeunga paipu, na Ben amesimama juu ya kichwa changu na chai ya Mama Wendy mkononi. Eti kiungo hiki kimepinda. Kile kinavuja. Huyu aliyemaliza mafunzo baada yangu!

Nikiwa nimeinama, Ben akauliza mbona msaidizi wangu amesimama nje kwenye manyunyu, haji kushika hata bomba. Nikasema ana haya. Sikuchungulia dirishani. Ben alichungulia tena, kisha akahamia upande wa pili wa chumba, na kwa mara ya kwanza leo akanyamaza. Hilo nimelitia akilini.

Jumapili, 13 Julai

Sijaenda kanisani. Amekohoa mlangoni kwangu.

Nimenyamaza. Anangoja. Nimewasha jiko, nimechemsha chai, anangoja. Nimeinama nikatazama chini ya mlango. Viatu vyeusi, vya kizamani, vimefungwa vizuri. Manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, na vile viatu ni vikavu. Nimelia kidogo. Nimekumbuka kwamba Mama Wendy aliishi na kikohozi hiki na hakukijibu hata mara moja, nikaona ni mwanamke mwenye busara.

Kisha nikanywa chai, na akili ikarudi.

Ben amepewa kazi kwenye nyumba mpya ya mwalimu mmoja kule chini. Kazi kubwa, mabafu mengi. Hebu ukuta mmoja tu wa Ben ukohoe! Mwalimu atalalamika, Kathure atarudi na tindo yake, na nani atawekwa kukagua viungo vya Ben? Mimi. Nikiwa na chai mkononi. Nimeugeuza mpango huu kila upande na hauna kasoro hata moja. Unataka tu mimi na mwenzangu tukae tuelewane, na huwezi kuelewana na mtu uliyemwacha nje kwenye baridi.

Nimeosha kikombe cha pili. Nimekiweka upande wa pili wa meza, nimemwambia karibu, aingie.